Pikapu ya kuvuta tela na ya kila siku: piga hesabu kabla hujaipenda

Kila mwaka Julai ikiingia na watu wakianza kuandaa karatasi za kodi, kuna swali moja linalotujia kuliko mengine: "Nataka kununua pikapu. Nichukue ipi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu wa kazi. Ana ABN yake, anakata majani na kubeba udongo, au anahamisha watu nyumba wikiendi, au ana tela la chakula analolipeleka sokoni na kwenye sherehe. Na siku zilizobaki, pikapu hiyo hiyo ndiyo itampeleka kazini, itachukua watoto shule na kubeba gunia la mchele kutoka dukani.

Nyumbani ukitaja Villawood, watu wanakumbuka habari za kituo cha kuzuilia wahamiaji. Sisi tunaokaa huku tunaijua Villawood nyingine: magodauni ya upande wa Leightonfield, magari ya kuuza yaliyopangwa kando ya Woodville Road na Hume Highway, na pikapu zinazowashwa alfajiri kabla jua halijatoka. Ukiishi hapa bila pikapu unaweza kuona kama umebaki peke yako.

Sasa ukurasa wa kutuma hela na kuweka akiba unahusikaje na pikapu? Unahusika sana. Kwa wengi wetu, baada ya kodi ya nyumba, gari ndilo linalokula zaidi. Mtu anakaa nusu saa akilinganisha kampuni tatu za kutuma pesa ili aokoe dola 4 za ada, halafu Jumamosi anasaini mkopo wa miezi 60 kwa dakika 20 kwa sababu pikapu ilikuwa nyeusi na ina matairi mapana. Dola 4 zinaonekana. Dola 600 za kila mwezi hazionekani, mpaka siku mama anapopiga simu kuuliza mbona mwezi huu umetuma nusu.

Tunachotaka ubaki nacho ni hiki: pikapu inachaguliwa kuanzia kwenye tela, sio kuanzia kwenye sura. Ukijua unavuta nini, mara ngapi, na kina uzito gani, nusu ya magari yanajiondoa yenyewe. Yanayobaki ndiyo uchague kwa moyo.

Haiba ipo, na ina bei yake

Hatusemi usipende gari. Pikapu ina haiba kuliko saluni, na hilo sio la Waaustralia peke yao. Aliyekulia Tanzania anajua Land Cruiser mkonga ikiingia kijijini inavyotazamwa. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ile wanakumbuka chai maharage, magari ya mzigo yaliyofungwa mabenchi, abiria wakaenda kazini wanatazamana. Kenya nako, Peugeot 504 pikapu bado inatajwa kwa upendo.

Huku wana yao. Mwaka 1934 kiwanda cha Ford kule Geelong kilianza kutoa gari lenye kabini ya saluni mbele na bodi ya mzigo nyuma, kazi ya mhandisi aliyeitwa Lew Bandt. Inasimuliwa kwamba mke wa mkulima mmoja wa Gippsland aliandika barua akiomba gari litakalowapeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Ukiangalia, hitaji lake ndilo lako leo: siku moja mzigo, siku nyingine familia.

Kwa hiyo haiba ni kitu halali. Shida ni pale inapojificha ndani ya bei. Njia yetu ni rahisi. Tafuta pikapu inayofanya kazi yako yote bila mbwembwe, andika bei yake. Andika pembeni bei ya ile unayoitamani. Tofauti ya hizo mbili iite "bei ya haiba", na uiweke kwenye bajeti kwa jina lake, kama unavyoweka mchango wa harusi. Ikiwa ni dola 3,000 na unaimudu, endesha ufurahi. Ikiwa ni dola 30,000 na nyumba ya kule Morogoro au Bungoma imesimama kwenye lenta, angalau sasa umeiona kwa macho.

Anza na tela

Chukua karatasi. Andika kila kitu ulichovuta au utakachovuta mwaka huu, na mara ngapi. Hizi ni makadirio ya kuanzia:

- Tela dogo la futi 6 kwa 4 lisilo na breki: mara nyingi mwisho wake ni kilo 750 likiwa na mzigo. Likiwa tupu lina kama kilo 200 hadi 250, kwa hiyo unabaki na kama kilo 500 tu za mzigo.
- Udongo wa bustani: mita moja ya ujazo ni tani moja na zaidi, na ukilowa na mvua unapanda. Maana yake mita moja ya udongo kwenye tela la 6 kwa 4 ni kama mara mbili ya kinachoruhusiwa, hata kama tela halijajaa kwa macho. Hili ndilo kosa tunaloliona sana barabarani.
- Tela la futi 8 kwa 5 lenye ekseli mbili, likiwa na mita moja ya udongo: kama tani 1.8.
- Ekskaveta ndogo ya tani 1.7 pamoja na tela lake: kama tani 2.4.
- Tela la chakula: inategemea majiko, friji, gesi na matangi ya maji. Usikisie. Lipime likiwa na kila kitu ndani, kama siku ya biashara.

Ukimaliza orodha yako, unaweza kukuta kazi ya kila wiki iko chini ya tani 2, na kile kitu cha tani 3 unakivuta mara moja kwa mwaka. Hapo ushauri wetu ni mmoja: nunua pikapu ya kazi ya kila wiki, na kile cha mara moja kodi gari au mlipe mwenye lori. Hakuna sababu ya kulipa siku 365 kwa ajili ya siku moja.

Namba nne ambazo muuzaji hazisemi kwa pamoja

Pikapu nyingi za kabini mbili zinazouzwa hapa, kuanzia Ford Ranger, Toyota HiLux, Isuzu D-Max na Mazda BT-50, Nissan Navara mpaka Mitsubishi Triton ya kuanzia 2024, zinatangazwa kuvuta mpaka kilo 3,500 zikiwa na tela lenye breki. Ni kweli kwa matoleo mengi. Ila hiyo ni namba moja kati ya nne.

1. GVM. Uzito wote ambao pikapu yenyewe inaruhusiwa kufikia: gari, mafuta, watu, vifaa, pamoja na uzito ambao tela linaukandamiza nyuma ya gari.
2. GCM. Uzito wote wa pikapu na tela kwa pamoja. Hii ndiyo inayowaangusha wengi.
3. ATM. Hapa hatuzungumzii mashine ya kutolea pesa. Ni uzito wa juu ulioruhusiwa kwa tela likiwa na mzigo, na umeandikwa kwenye kibati cha tela.
4. Uzito wa kwenye boli. Ule unaokandamiza boli ya kuvutia. Kwa kawaida watu hulenga kama asilimia 10 ya uzito wa tela. Ukiwa mdogo sana, tela linayumba barabarani kama mkia wa samaki. Ukizidi, pikapu inakaa chini nyuma na usukani unakuwa mwepesi mbele.

Tupige mfano. Chukua pikapu ambayo ikiwa tupu na tangi limejaa ina kilo 2,150. GVM yake ni 3,050, GCM ni 5,850, na tangazo linasema inavuta 3,500. Sasa funga tela la 3,500:

- 5,850 kutoa 3,500 = 2,350. Huo ndio uzito ambao pikapu inaruhusiwa kuwa nao.
- 2,350 kutoa 2,150 = 200. Hizo ndizo kilo zilizobaki kwa watu na vitu vyote.
- Watu wawili wa kilo 80 kila mmoja = 160.
- Zinabaki kilo 40.

Kilo 40! Na hapo hujaweka kanopi, wala chuma cha mbele cha kukinga, wala sanduku la vifaa, wala jenereta. Pikapu hiyo inavuta 3,500 kwenye karatasi. Kwenye maisha yako, ukiwa na msaidizi na vifaa vyako, salama yake ni chini ya hapo.

Ndiyo maana tunasema ukinunua, uliza namba zote nne na uzipigie hesabu hii hii mwenyewe. Zinapatikana kwenye kitabu cha gari na kwenye vibati. Angalia pia kibati cha chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma, kwa sababu kinachohesabika ni namba ndogo kuliko zote. Gari la 3,500 likifungwa chuma cha 2,500, hilo ni gari la 2,500. Basi.

Halafu ukishapata gari na tela, vipeleke kwenye mizani ya magari vikiwa na mzigo wa kawaida. Madereva wa malori wa nyumbani wanaijua mizani ya Mariakani kwa hofu. Huku unaipenda mwenyewe, unalipa kidogo, na unaondoka na karatasi inayokwambia ukweli.

Sheria chache za NSW ambazo zinagusa mfuko

Leseni ya kawaida ya daraja C inakuruhusu kuendesha gari la GVM mpaka tani 4.5, kwa hiyo pikapu hizi zote zimo. Lakini aliye na leseni ya kujifunza haruhusiwi kuvuta tela kabisa, na mwenye P nyekundu mwisho wake ni tela ambalo likiwa tupu halizidi kilo 250. Kama kijana wako wa P nyekundu ndiye ulitegemea akusaidie kuendesha kazini, panga upya.

Tela likizidi kilo 750 linatakiwa breki. Kuanzia hapo mpaka tani 2, breki za ekseli moja zinatosha. Likizidi tani 2, linatakiwa breki kwenye magurudumu yote pamoja na mfumo wa kujifunga breki lenyewe likichomoka. Breki za umeme zinahitaji kidhibiti ndani ya kabini ya pikapu, na hicho mara nyingi hakiji na gari. Kiweke kwenye bei. Na mseto wenye GCM inayozidi tani 4.5 haruhusiwi mtu kuuendesha zaidi ya kilomita 100 kwa saa, hata kibao cha barabara kikisema 110.

Cha kuogofya zaidi ya faini ni bima. Ukipata ajali huku umezidisha uzito, au umeandika "matumizi binafsi" wakati unabeba udongo wa wateja kila siku, umeipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Hapo deni la mkopo linabaki lako, gari halipo, kazi haipo, na kule nyumbani ada ya shule inasubiri. Ukikata bima, sema wazi: navuta tela, natumia kwa biashara. Malipo yatapanda kidogo. Ni nafuu kuliko mbadala wake.

Pikapu siku ambazo havuti mtu tela

Pima maegesho yako kabla ya kupima gari. Pikapu za kabini mbili zina urefu wa kama mita 5.3 hadi 5.4. Nafasi ya kawaida ya kuegesha kwenye majengo ya huku ni mita 5.4 kwa 2.4. Ongeza chuma cha kuvutia nyuma, na tayari umetokeza. Kama unaishi kwenye fleti karibu na stesheni na maegesho yako ni ya chini ya ardhi, angalia na kibao cha urefu mlangoni, hasa kama unataka kufunga ngazi au kanopi juu. Pikapu inayolala barabarani na vifaa nyuma ni mwaliko kwa wezi.

Halafu kuna kichujio cha masizi cha injini za dizeli, kinachoitwa DPF. Kinakusanya masizi na kuyachoma chenyewe gari likitembea kwa mwendo mzuri kwa muda. Ukiwa mtu wa Villawood mpaka Chester Hill, Chester Hill mpaka Fairfield, dakika kumi kumi na kuzima, hakipati nafasi ya kujisafisha na kinaziba. Dawa yake ya kawaida ni kulipeleka gari barabara kuu mara kwa mara likakimbia. Ukinunua HiLux ya dizeli iliyotumika, jua pia kwamba Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho iliamua kuwa HiLux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 ziliuzwa na kasoro kwenye mfumo huo. Haina maana kuwa ni gari baya. Maana yake uombe karatasi zinazoonyesha kama ilirekebishwa, na kama hazipo, upunguziwe bei.

Tukizitazama moja moja

*HiLux* haiendi kwa haiba ya kung'aa, inaenda kwa jina. Kuiuza tena ni rahisi, mafundi wanaijua, na ndiyo sababu hata ikiwa kuukuu bei yake haishuki haraka. Unalipa zaidi unaponunua, unarudishiwa kiasi unapouza.

*Ranger* ndiyo iliyouzwa kuliko gari lolote Australia mwaka 2023 na 2024. Ina kabini ya starehe na GCM ya juu, kwa hiyo ule mfano wetu wa kilo 40 kwake unakuwa na nafasi kubwa kidogo. Angalia toleo, maana injini zinatofautiana.

*D-Max na BT-50* ni ndugu, kwa kizazi cha kuanzia 2020 wanachangia injini na mwili. Ukiipenda D-Max lakini bei imekaza, muulize muuzaji BT-50.

*Triton* mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kwa wenye jina. Za kabla ya 2024 mwisho wake ni kilo 3,100. Kwa mtu wa tani 1.8 hilo halina shida yoyote, na ndipo unaponunua kwa akili.

*Land Cruiser 79*, mkonga wetu, ndiyo haiba yenyewe. Toleo la silinda 4 na gia otomatiki lilikuja mwishoni mwa 2023. Inavuta 3,500, haichoki, inashika bei. Lakini ni ghali kuinunua, ngumu kwa watoto safari ndefu, na sehemu kubwa ya uwezo wake haitatumika kamwe kati ya Villawood na Bankstown.

*BYD Shark 6* imekuja na umeme na petroli pamoja. Ilipoingia sokoni ilikuwa inavuta mpaka kilo 2,500, na unaweza kuchomeka vifaa vya umeme moja kwa moja. Mtu wa tela la chakula aliye chini ya tani 2 aitazame.

*Falcon na Holden* za zamani, zile za chini chini zenye mngurumo: Ford iliacha kuziunda 2016, Holden ikafunga kiwanda 2017. Wapenzi wanazilipia. Zina viti viwili au vitatu vya mbele tu na hazifiki uwezo wa kuvuta wa pikapu za leo. Kwa tela dogo na mtu asiye na watoto, sawa. Kwa familia, hiyo ni gari ya pili, na gari ya pili ni rego ya pili na bima ya pili.

Hesabu ya mkopo, na ya nyumbani

Tuchukue riba ya asilimia 8 kwa mwaka, miaka mitano, bila kitangulizi. Ni mfano tu, riba yako itategemea rekodi yako.

- Pikapu mpya ya dola 60,000: kama dola 1,217 kwa mwezi. Riba yote: karibu dola 13,000.
- Pikapu iliyotumika ya dola 28,000: kama dola 568 kwa mwezi. Riba yote: karibu dola 6,100. Ushuru wa kuhamisha umiliki NSW: dola 840.

Tofauti ni kama dola 649 kila mwezi. Kwa miaka mitano ni karibu dola 39,000. Badilisha mwenyewe kwa shilingi au faranga, halafu uangalie mchoro wa nyumba unayojenga. Kuna mtu atasema "lakini iliyotumika inaharibika." Kweli. Weka dola 200 kila mwezi kwenye akaunti ya matengenezo, na bado unabaki na zaidi ya dola 400.

Angalia pia mkopo wenye malipo makubwa ya mwisho, ule wanaouita baluni. Malipo ya mwezi yanakuwa madogo, unajiona umeshinda, halafu mwezi wa 60 unadaiwa dola 15,000 au 20,000 kwa mpigo. Wengi wanaishia kukopa tena kulipia gari ambalo tayari limechoka.

"Si itakatwa kwenye kodi?"

Hili tunalisikia kila siku, na wauzaji wanalipenda. Kukatwa kwenye kodi sio kurudishiwa hela. Kama uko kwenye kiwango cha asilimia 30, kila dola 1 ya matumizi ya kazi inakupunguzia kodi senti 30 hivi. Zile senti 70 zimetoka mfukoni kwako. Hakuna aliyetajirika kwa kutumia dola ili apate senti 30.

Na sio matumizi yote yanakubalika. Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini kwa ATO ni ya binafsi, isipokuwa hali maalumu, kama kubeba vifaa vikubwa vya lazima ambavyo kazini hakuna pa kuvihifadhi salama.

Kuna jambo moja la pikapu ambalo watu hawalijui. Kwa ATO, gari lililoundwa kubeba chini ya tani moja linahesabiwa kama "gari la kawaida". Hapo una njia mbili: senti kwa kilomita, ambayo kwa mwaka wa kodi 2024–25 ni senti 88 mpaka kilomita 5,000, au daftari la safari la wiki 12 mfululizo, linalotumika mpaka miaka mitano. Pikapu inayobeba tani moja au zaidi haimo humo. Kwa hiyo hiyo, unadai sehemu ya gharama halisi iliyotumika kwa kazi, na risiti zote lazima uwe nazo. Ile pikapu yetu ya mfano, 3,050 kutoa 2,150, inabeba kilo 900, kwa hiyo ni gari la kawaida. Ya kabini moja yenye bodi nyepesi inaweza kuvuka tani. Ijue yako kabla ya Julai.

"Nitaipeleka nyumbani baadaye"

Wengi wanaitetea bei kwa ndoto hii. Usukani wa kulia unafaa Kenya, Uganda na Tanzania, sawa. Lakini Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Uganda inakataa lililotimiza miaka 15. Congo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani huo ni tatizo. Ukinunua leo iliyotumika ya miaka 6 na ukalipa mkopo miaka mitano, mlango wa Mombasa umeshajifunga. Kama kweli lengo ni gari la nyumbani, liwekee akiba yake, ulinunue huko huko siku ikifika. Isuzu D-Max, kwa mfano, zinaunganishwa Nairobi kwenyewe, na vipuri viko karibu.

Kabla ya kusaini

- Orodha ya tela imeandikwa, na uzito mkubwa wa kila wiki unajulikana.
- GVM, GCM, ATM na uzito wa boli vimepigiwa hesabu ukiwa na watu na vifaa vyako.
- Umeangalia PPSR kwa dola 2 kuona kama gari lina deni la mtu mwingine au liliandikwa kuwa limeharibika kabisa. Dola 2 hizi ni akiba bora kuliko zote kwenye ukurasa huu.
- Gari limezidi miaka 5? Litahitaji ukaguzi kila rego. Omba ule wa mwisho uuone.
- Bima imenukuliwa kwa matumizi halisi, na tela limetajwa.
- Maegesho yamepimwa kwa futikamba.
- Bei ya haiba imeandikwa kwa jina lake.
- Kiasi unachotuma nyumbani kila mwezi kimewekwa kwanza kwenye bajeti, na malipo ya gari yametoka kwenye kilichobaki.

Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisisitiza. Muuzaji atakuuliza "unaweza kulipa ngapi kwa wiki?" Usimjibu papo hapo. Rudi nyumbani, piga hesabu na mwenzako, lala. Pikapu za Woodville Road hazikimbii usiku mmoja, na kesho yake asubuhi utaitazama ile nyeusi ya matairi mapana ukiwa na karatasi mkononi.